Lete Kitu Chenye Maandishi

Nimestaafu. Chaki yangu ya mwisho niliiacha juu ya meza ya darasa la nne, katika shule ya msingi iliyo pembezoni mwa Misunkumilo, hapa Mpanda, na tangu hapo kila mwalimu kijana ninayekutana naye sokoni Kashaulili ananiuliza swali lile lile: mzee, hivi vikao vya wazazi vya mwanzo wa mwaka vina faida yoyote, au tunapotezeana muda tu? Nimechoka kujibu nikiwa nimeshika mfuko wa nyanya. Naandika jibu hapa, mlisome mkiwa mmekaa.

Kwanza mjue anayewajibu. Mimi ni mtoto wa hapa hapa. Baba yangu alilima mahindi na karanga, hakuwahi kukaa kwenye dawati. Nilipomaliza darasa la saba hakuna aliyenishika mkono. Nilipanda treni ya Tabora, nikabeba mizigo stesheni, nikafua mashati ya watu, nikasoma masomo ya jioni mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne ambacho nilikitolea jasho langu mwenyewe. Chuo cha ualimu niliingia nikiwa mkubwa kuliko baadhi ya wakufunzi. Stashahada niliipata baadaye, nikiwa kazini, nikisoma wakati wa likizo wenzangu walipokuwa kwao wanakula kuku. Nimefundisha Tabora, nimefundisha Morogoro, na nilipoomba uhamisho wa kurudi Mpanda, ofisa aliyenipokea aliniuliza kama sijakosea. Wengine wanaomba kutoka, mimi naomba kuingia. Nilirudi kwa hiari yangu, na stashahada yangu nikaitundika darasani ndani ya fremu, watoto waione kila asubuhi. Vyeo na mishahara nitaviruka. Havijawahi kumfundisha mtoto kusoma.

Nilipofika shuleni pale ilikuwa Januari, wiki ya kikao cha wazazi. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kusomea masomo kanisani. Aliniambia nisiwe na wasiwasi kuhusu kikao, maana kila kitu kimeshapangwa. Mimi nilianza kuwa na wasiwasi papo hapo. Katika miaka yangu yote kazini, sijawahi kuambiwa kimepangwa nikakuta kitu cha kweli ndani yake.

Wazazi walikuja. Mama wengi, baba wachache, na mabibi waliotumwa na wajukuu zao. Wakajibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mwalimu mkuu akaeleza habari za vyoo, za madawati, za uji wa mchana. Wazazi wakaitikia kwa vichwa, wengine wakasinzia. Kisha akapiga makofi na kusema, "Sasa watoto wetu wa darasa la pili watatusomea."

Waliingia kwa mstari, kila mmoja na kitabu kifuani. Aliyekuwa mbele ni binti mmoja mwembamba aitwaye Regina. Akafungua kitabu, akasoma hadithi ya kuku na vifaranga vyake kwa sauti iliyojaa chumba kizima, akinyanyua pale pa kunyanyua na kushusha pale pa kushusha. Vigelegele vikapigwa. Mama mmoja alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, ukutani, mahali ambapo mwalimu mgeni anasimama, nikaona jambo ambalo waliokaa mbele hawakuliona. Regina aliimaliza hadithi nzima kabla ya kufungua ukurasa wa pili.

Ndipo nilipoanza kuvishuku vikao hivi, na sijaacha hadi leo.

Mchana ule nilimweleza nilichokiona Mwalimu Sesilia, mama mmoja wa Mpimbwe aliyekuwa amefundisha darasa la kwanza tangu mimi nikiwa kuli. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mdogo wangu, wewe ndiyo kwanza umeona? Wale wanajua kuimba. Hadithi ile wameisikia tangu walipoanza shule."

"Na wazazi hawajui?"

"Watajuaje? Mzazi asiyejua kusoma anasikiliza sauti. Sauti nzuri, mtoto anajua. Sauti mbaya, mtoto mjinga."

Akafungua mkoba wake, akatoa kipande cha boksi la sabuni chenye ukubwa wa kiganja, kilichokatwa katikati tundu jembamba la mstatili. Alikiita kidirisha. Unakiweka juu ya mstari wa kitabu, linaonekana neno moja tu, mengine yote yanafichwa. Unaanza na neno la mwisho wa mstari, unarudi nyuma. Anayejua kusoma atasoma, polepole au haraka. Anayeimba atakwama, kwa sababu hakuna anayejua wimbo kuanzia mwisho. Nimesoma vitabu vingi vya saikolojia ya elimu kwa ajili ya stashahada, na niliwahi kupata alama za juu katika somo hilo, lakini sikukuta chombo kilichonifaa kama kile. Nilitengeneza changu siku ile ile. Nilikiboresha: cha kwangu nilikizungushia utepe wa gundi kisilowe jasho la vidole. Vijana, kateni chenu. Boksi la sabuni ndilo zuri, la biskuti linakunjika.

Mwaka uliofuata nilipewa darasa la tatu, na Regina akawa mwanafunzi wangu. Nilimwita mezani, nikaweka kidirisha. Neno lilikuwa "mama". Aliangalia tundu, akaniangalia mimi, akaangalia midomo yangu kama itasogea. Kisha akasema kwa ujasiri mkubwa, "Kuku."

Nilichofanya baadaye ni kile ambacho wengi wenu hamkifanyi, maana mnaogopa mbwa. Nilikwenda nyumbani kwao.

Baba yake, mzee Kizito, alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Ni mtu wa kilimo, ana shamba la mahindi upande wa Misunkumilo, na dada yake analima mpunga Kasekese. Hajui kusoma, na hafichi. Alinipa kigoda, akaendelea na mpini wake. Nikamweleza kwamba binti yake ana kumbukumbu kali, lakini kusoma bado.

Akaacha kugonga. "Mwalimu, mwaka jana nilikaa kwenye kikao chenu. Nikamsikia mwanangu kwa masikio yangu haya. Shule nzima ikapiga makofi, na mwalimu mkuu akanishika mkono. Leo wewe unakuja kuniambia hajui. Sasa aliyenidanganya ni nani? Wao au wewe?"

"Sijaja kumsema mtu, Baba Regina."

"Hapana, umekuja. Mmoja wenu ni muongo, na wote mmevaa tai."

Mke wake akatokea mlangoni. "Baba Regina, mwalimu ni mgeni."

"Mgeni wa nini? Amezaliwa huko bondeni, nilimjua baba yake." Akanigeukia. "Sikiliza. Dada yangu Kasekese ana mpunga, na kweleakwelea wanaumaliza. Ameniomba mtoto wa kuamia ndege. Nilimkatalia kwa sababu niliambiwa Regina anasoma. Kama hasomi, anakaa kwenye dawati anafanya nini? Aende akaamie, angalau tutakula wali."

Kwa wasiojua kazi hiyo: kuamia ni kukaa kwenye kichanja katikati ya jaruba tangu alfajiri mpaka jua lizame, unapiga kopo na kurusha udongo ili ndege wasitue. Mtoto anayekwenda kuamia msimu mmoja haachi shule rasmi. Anachelewa tu kurudi, halafu anaona aibu, halafu harudi. Nimewapoteza wanafunzi wazuri kwa njia hiyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kwaheri.

Nikamwomba anipe mpaka kikao cha Januari.

"Sawa," akasema. "Nitamsikia mwenyewe. Ila si kwa kitabu chenu. Kitabu chenu mmeshakizoea nyie wote. Nitaleta kitu changu kutoka hapa nyumbani, na hamtakiona mpaka siku hiyo."

Wazo lilikuwa lake, nakiri. Mpangilio ulikuwa wangu, na bila mpangilio wazo linabaki kuwa ugomvi wa baba mmoja na mwalimu mmoja. Njiani nikirudi na baiskeli nilikuwa nimeshaamua: kama mzazi mmoja ataleta kitu chake, basi wote walete.

Mwaka ule nilifanya kazi. Shida ya Regina haikuwa ujinga, ilikuwa akili. Ukimsomea sentensi mara moja, ameshaimeza, na akishaimeza haangalii tena herufi. Akisikia mwenzake anasoma mbele yake, basi siku hiyo imekwisha. Kwa hiyo nilifuata kanuni chache. Sikumwacha asome baada ya mwingine. Sikutumia sentensi moja mara mbili. Kila jioni, watoto wakishatawanyika, niliandika ubaoni habari za siku ile ile: nani ameanguka kwenye tope, mbuzi wa nani ameingia bustani ya shule. Halafu kidirisha, kutoka mwisho kuja mwanzo. Wiki za mwanzo alinichukia. Alikuwa amezoea makofi, na kidirisha hakipigi makofi. Ilipofika wakati wa kuvuna mahindi alianza kusoma silabi. Mvua za msimu mpya zilipoanza, siku moja alisoma sentensi yote kuanzia nyuma, akasimama, akasema, "Mwalimu, hii ni uongo. Mbuzi hakuingia leo, ni jana." Nilijua tumefika.

Lakini kujua mimi hakukutosha. Aliyetakiwa kujua ni Kizito.

Kikao cha Januari kilipokaribia, darasa likiwa sasa la nne, niliwaagiza watoto wakawaambie wazazi: siku ya kikao, kila mzazi alete kitu kimoja kutoka nyumbani chenye maandishi, na asimwonyeshe mtoto. Ni maneno rahisi. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unayajadili.

Mama Kabula, Msukuma mmoja mwenye sauti kubwa ambaye binti yake alikuwa darasa hilo hilo, alinisimamisha getini. "Mwalimu, watu wanasema unataka kujua nani ana mbolea ya ruzuku na nani hana."

"Wanasema hivyo?"

"Hao ni wale wazuri. Wengine wanasema unakusanya vitu vya watu upeleke kwa mganga. Si umekaa Tabora miaka yote hiyo?"

"Wewe unasema nini, Mama Kabula?"

"Mimi nasema nitaleta kibiriti. Hata ukikiroga, kimebaki njiti mbili."

Mwalimu mkuu naye aliniita ofisini. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Mwalimu, unataka kuniumbua mbele ya wazazi? Watoto wakishindwa je?"

"Wakishindwa wazazi watajua wameshindwa. Si ndiyo sababu ya kuwaita?"

"Wazazi wanakuja kufurahi," akasema kwa upole wake ule. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kweli kwamba mzazi akiondoka na furaha mtoto atarudishwa shule kesho. Mimi niliamini kwamba mzazi akiondoka na furaha atalala.

Siku ilifika. Sijawahi kuona kikao kilichojaa vile. Watu hawakuja kwa kupenda elimu, walikuja kuangalia natafuta nini. Kila mtu alikuwa amefunga chake: kwenye kanga, kwenye mfuko mweusi, ndani ya kofia. Mwalimu Sesilia nilimwomba akae mlangoni avikague, na mapema kabisa akanirudishia viwili. Katekista alikuwa ameleta kitabu cha nyimbo, nikakikataa kwa heshima: nyimbo zile watoto wanazijua kutoka tumboni. Baba mwingine alileta chupa ya soda, nikaikataa pia. Chupa ile hata mtoto ambaye hajaanza shule anajua imeandikwa nini, kwa umbo lake. Mkumbuke hilo: kitu kinachojulikana kwa picha hakipimi kusoma.

Tulianza. Mtoto mmoja alisoma flana ya kampeni ya babu yake, mbele na mgongoni, babu akizunguka kama fundi nguo anampima. Kabula alisoma kibiriti cha mama yake bila kukwama. Mwingine alishindwa kusoma pakiti ya chumvi, na mama yake hakumpiga wala kumtukana. Alinitazama tu kwa macho makubwa, na baada ya kikao akawa wa kwanza kuniuliza afanye nini. Mama mmoja kijana alileta kopo la mafuta aliyokuwa anapaka kila siku, mwanawe akasoma kwa sauti safi: "Mafuta ya kung'arisha ngozi." Mumewe, aliyekuwa ameegemea dirisha, akasema, "Kumbe! Si uliniambia ni ya mtoto?" Darasa likavunjika mbavu.

Kizito hakucheka. Alikuwa dawati la mbele, mikono juu ya kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti. Jina la Regina lilipoitwa alisimama yeye kwanza. Akafungua gazeti polepole, akatoa pakiti ya mbegu za mahindi iliyokwisha kufunguliwa na kufungwa tena kwa kamba.

Mtaelewa tu mkikumbuka mwaka ule ulivyokuwa. Mvua zilianza vizuri, watu wakapanda, kisha zikakatika, na mahindi ya kwanza yakakauka yakiwa na kimo cha goti. Aliyetaka kuvuna chochote ilibidi apande upya Januari, na kwa Januari hapa kwetu unahitaji mbegu inayokomaa haraka, maana mvua haikusubiri. Kizito alikwenda Kashaulili, akaomba mbegu ya muda mfupi, akauziwa ile. Nusu ya shamba alikuwa ameshapanda.

"Soma," akamwambia binti yake.

Regina akaipokea. Hakunitazama mimi wala midomo yangu. Akasoma jina la mbegu lililo mbele. Kizito akatikisa kichwa kukubali. Regina akaigeuza nyuma, akaanza polepole: "Mbegu hii... hukomaa... kwa muda mrefu. Inafaa... nyanda za juu... zenye baridi."

"Nini?"

"Hukomaa kwa muda mrefu, baba."

"Muongo!" Kizito aligeukia watu. "Hii ni ya muda mfupi. Mwenye duka ameniapia kwa mama yake mzazi. Mnaona? Hajui! Anaunga maneno!"

Kicheko kikapita chumbani, cha chini chini. Mwalimu mkuu akainama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Nikasogea, nikavaa miwani, nikasoma. Ilikuwa kama alivyosema.

"Baba Regina, mtoto amesoma sawasawa."

"Wewe lazima useme hivyo. Ni mwanafunzi wako. Mmekaa naye kila jioni mwaka mzima, mke wangu ameniambia. Mmepanga." Sauti yake ilishuka, na hapo ndipo ilipotisha. "Regina, nenda nyumbani ukafunge nguo zako. Kesho unakwenda kwa shangazi."

Stashahada yangu ilikuwa ukutani nyuma yangu, na kwake ilikuwa karatasi nyingine tu yenye maandishi ambayo mtu amemwambia maana yake. Shule yetu ilikuwa imempangia mara moja. Kwa nini asiamini kwamba imempangia mara ya pili?

Regina hakulia na hakutoka. Alikwenda mezani kwangu, akachukua kidirisha, akakiweka juu ya pakiti, akaanza kusoma kutoka nyuma: "Baridi. Zenye. Juu. Nyanda." Lakini baba yake hakujua kidirisha ni nini. Aliona mtoto anacheza na boksi.

"Baba," Regina akasema, "kama humwamini mwalimu, mpe Kabula asome."

Watu wote wakamgeukia Mama Kabula. Sitawaacha mjiulize kwa nini. Shamba la Kizito na shamba la Mama Kabula yanapakana, na wale wawili walikuwa na ugomvi wa mpaka uliokwisha kufika kwa mwenyekiti wa mtaa zaidi ya mara moja. Walikuwa hawasalimiani. Katika chumba kile chote hakukuwa na mtu aliyependa kumwona Kizito akiaibika kuliko Mama Kabula, na hakukuwa na mtu ambaye Kizito alimshuku kuliko yeye.

Nilimwona akiwaza. Nawaambia, ilikuwa kazi kubwa kuliko kutia mpini. Kama pakiti imeandikwa muda mfupi, binti wa Mama Kabula atasema hivyo kwa furaha, ili Regina aonekane mjinga. Kama ataungana na Regina, basi hakuna mpango wowote duniani unaoweza kuwaunganisha wale wawili isipokuwa maandishi yenyewe.

"Regina, toka nje," akasema. "Nenda mpaka kwenye bomba. Mwalimu, na wewe toka."

"Mimi?"

"Wewe hasa."

Nilitoka. Mwenye stashahada, nimetolewa nje ya darasa langu mwenyewe. Nilisimama dirishani. Nilimwona Kizito akimkabidhi Kabula pakiti kama anayekabidhi panga, na nikamsikia mtoto yule akisoma kwa sauti kubwa ya mama yake: "Mbegu hii hukomaa kwa muda mrefu. Inafaa nyanda za juu zenye baridi."

Mama Kabula akaangua kicheko. "Hee! Kizito! Umepanda mahindi ya Mbeya!"

"Nyamaza," Kizito akasema, lakini hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama pakiti. Kisha akatoka nje, akanipita bila kuniona, akaenda bombani alipokuwa binti yake. Sikusikia alichomwambia. Niliona tu wakielekea barabara ya Kashaulili, yeye mbele, Regina nyuma na pakiti mkononi, sare zake za shule mwilini.

Yaliyotokea dukani niliyasikia kwa Regina mwenyewe. Mwenye duka aliapa tena kwa mama yake. Kizito hakubishana. Alimsimamisha binti yake juu ya kreti, akamwambia asome pakiti zote zilizo rafuni, moja baada ya nyingine, wateja wakiwa wanasikiliza, mpaka akaipata ya muda mfupi. Mwenye duka akaibadilisha bila kuombwa. Nusu ya shamba ililimwa upya. Kuhusu Kasekese hakuna aliyesema tena.

Hapo mngependa niishie, najua. Mwalimu ameshinda, mtoto amebaki. Lakini mimi nimewaambia tangu mwanzo kwamba nashuku, na nilikuwa na sababu. Wiki chache baadaye dawati la Regina lilianza kuwa tupu. Siku moja hayupo, siku mbili hayupo. Nikauliza. Baba yake anatembea naye. Amempeleka zahanati asome dawa za bibi. Amempeleka ofisi ya mtaa asome matangazo ukutani, yote, hata ya mwaka juzi. Amempeleka mnadani. Mzee alikuwa amegundua kwamba nchi nzima imejaa maandishi na kwamba maisha yake yote watu wamekuwa wakimsomea walichotaka.

Kabla sijamfuata alinifuata yeye. Alikuja shuleni asubuhi na Regina, amevaa koti lake la kanisani.

"Mwalimu, nimekuja kushukuru. Nilikutukana, nisamehe. Sasa mtoto amejua kusoma. Kilichomleta shule kimekwisha. Nimekuja kumuagia."

"Kumuagia aende wapi?"

"Nyumbani. Nina kazi naye."

Niliangalia mkononi mwake. Alikuwa ameshika, kama kawaida yake, kitu kwenye gazeti. Nikamwomba nikione. Ilikuwa chupa ya dawa ya kuua viwavi, maana mahindi mapya yalikuwa yameshaingiliwa. Mbele paliandikwa jina kwa herufi kubwa. Nyuma palijaa maandishi madogo kama mchwa, kuanzia juu mpaka chini.

"Regina ameshakusomea hii?"

"Jina amesoma."

"Na haya ya nyuma?"

Kizito akampa bintiye chupa. Regina aliigeuza, akaisogeza karibu na macho, midomo ikacheza. Akaguna. "Baba, herufi nazijua. Maneno siyajui. Ni Kiingereza."

Kizito aliichukua, akaigeuza mbele na nyuma. Alikuwa anaipulizia wiki nzima kwa mikono mitupu. "Kwa nini mbele waandike jina ili ninunue, halafu nyuma waandike kwa lugha ambayo siijui?"

"Hilo ni swali la kuwauliza wao."

"Wameficha nini hapa?"

Ningeweza kumsomea. Kiingereza changu ni kizuri, waulizeni wa Morogoro. Nilifunga mdomo. "Baba Regina, hata nikikusomea, utaniamini?"

Alifikiri kwa haki kabisa. "Hapana."

"Basi."

Akamtazama binti yake, akaitazama chupa, akanitazama mimi, akaitazama fremu yangu ukutani. "Hicho Kiingereza kinafundishwa darasa la ngapi?"

"Tulishaanza. Lakini cha kusoma chupa kama hiyo, mpaka sekondari."

"Sekondari!" Akavuta pumzi kama mtu aliyetajiwa bei. Kisha akaiviringisha chupa kwenye gazeti, akaifunga na kamba yake, akamkabidhi Regina daftari alilokuwa amelishika kwapani tangu walipoingia.

"Kaa," akamwambia. "Mpaka uisome yote."

Regina sasa yuko sekondari. Kizito hana mtoto mwingine shuleni kwetu, lakini bado anakuja kwenye kila kikao cha Januari, dawati la mbele, na kitu chake kwenye gazeti. Mwalimu aliyenirithi darasa aliniuliza juzi yule mzee anataka nini. Nikamwambia: anataka umsomee, kisha atampa mwingine asome, aone kama mnafanana. Usikasirike, na usimwambie kila kitu kimepangwa.